Mnara Ulianguka, Mahali pa Wahunzi Pakabaki

Wazee wa Buhaya, hapa mkoani Kagera, husimulia habari za Mkama aliyetaka kuiona mbingu. Jina lake Rugomora Mahe, wa ukoo wa kitawala wa Bahinda, mtawala wa Kyamutwara ya zamani kabla haijagawanyika, na wanaohesabu vizazi vya Wakama humweka katika karne ya 17. Nchi ilikuwa yake, watu walikuwa wake, lakini moyo wake haukutulia. Akawaita wahunzi, akawaamuru wafue chuma na kusimamisha mnara ambao yeye angeupanda hadi juu akajionee huko kulivyo. Wahunzi wakafua. Mnara ukapanda. Kisha ukaporomoka, na safari ya Mkama kwenda mbinguni ikaishia hapo.

Hadithi hii tumezoea kuwasimulia watoto ili waogope kiburi, na si vibaya. Anayetaka kuipita mbingu ataanguka, basi, mtoto akalale. Lakini hadithi ina nusu ya pili ambayo tunaipita haraka mno, nami naamini busara yake kubwa imo humo. Nusu hiyo ni habari ya mahali. Wazee hawasemi tu kwamba chuma kilifuliwa. Wanasema kilifuliwa wapi. Kilifuliwa Kaiija, penye mti mkubwa, katika kijiji cha Katuruka upande wa Maruku, si mbali na Kanazi. Kwa vizazi na vizazi watu wa hapo walipaheshimu mahali pale wakijua kwamba ndipo walipoketi wahunzi. Mnara umebaki katika maneno. Mahali pa kazi pamebaki ardhini, na ukienda utaonyeshwa.

Ndilo somo ninalotaka tulitafakari pamoja, sisi wa Kanazi na Kemondo, wa Maruku na Muleba, na kila aliyezaliwa kando ya ziwa hili: kinachodumu duniani ni kile kinachotunzwa. Kilichoinuliwa juu bila mtu wa kukitunza hakina miaka mingi, hata kingekuwa cha chuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Buhaya kijana kutoka Marekani, mwanaakiolojia Peter Schmidt. Zama zile wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba historia ya Mwafrika inaanza siku alipofika mgeni mwenye kalamu, na kwamba masimulizi ya wazee ni burudani ya jioni. Kijana huyu akafanya jambo ambalo kila mtoto wa Kihaya alifundishwa kulifanya anapoingia kwa mkubwa. Aliketi, akasikiliza. Kwetu mgeni akiketi huletewa kikapu kidogo chenye kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, anachukua punje chache, anatafuna, na mazungumzo yanaanza polepole. Mwenye haraka hapati kitu katika nyumba ya namna hiyo. Yeye alipata, kwa kuwa alikubali kwenda kwa mwendo wa wenyeji. Wazee wakamweleza habari za Rugomora Mahe, wakamtajia Katuruka, wakamwonyesha Kaiija. Ndipo akachimba.

Kwa kufuata hadithi, chini ya ule mti mtu angetarajia kukuta masalia ya karne ya 17. Yalitoka ya kale zaidi. Kulikuwa na mabaki ya kazi ya uhunzi pamoja na vyungu vya aina ya Urewe, vyungu vilivyochorwa mistari kwa ustadi na kubonyezwa kitako kikafanya kishimo kidogo, ambavyo vimepewa jina la mahali vilipojulikana kwanza huko Siaya, Kenya. Vipimo vya mkaa vikasema kwamba watu walifua chuma Katuruka zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tarehe za mapema kabisa zinakaribia miaka 500 kabla ya Kristo. Wapo wataalamu waliozihoji hizo za mapema kabisa, wakikumbusha kwamba mkaa wa mti uliokuwa mzee unaweza kuongeza umri wa kitu, na kuhoji ni haki yao. Lakini kwamba wahunzi walikaa pale karne nyingi kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa, hilo limethibitika.

Sasa tuulizane: wazee walisema uongo? Mtu wa haraka atasema ndiyo, kwa sababu walimtaja Mkama wa karne ya 17 mahali penye kazi ya milenia mbili na zaidi. Mwenye busara ataangalia walichohifadhi. Walihifadhi kwamba hapa palifuliwa chuma. Neno hilo lilipita vizazi vingi pasipo karatasi, likawavuka watawala waliokuja na kuondoka, likamfikia mchimbaji likiwa bado zima, likamwelekeza mpaka kwenye shina la mti. Jina la Mkama liliongezwa baadaye, na si ajabu likaongezwa. Mtawala mpya akiingia nchi ya watu hutafuta pale wenyeji wanapopaheshimu, akaketi karibu napo, ili heshima ya mahali imwangukie na yeye. Bahinda walikuja juu ya nchi iliyokuwa na wenyewe, wenye koo zao, mizimu yao na ufundi wao. Kumbukumbu ya wahunzi ilikuwepo kwanza. Ukuu wa kifalme ukajengwa juu yake.

Ndiyo maana nawasihi vijana wenye elimu ya shule: usimpime mzee kwa tarehe. Mzee hakusomea tarehe. Mpime kwa kile alichokitunza. Akikwambia mnara ulifika mawinguni, usikimbilie kucheka mawingu. Uliza mnara ulisimama wapi, nani alifua, udongo ulitoka wapi, mkaa ulikatwa msitu gani. Chini ya mnara kuna mahali, na mahali hapo hapadanganyi.

Katika miaka ya 1970 uchimbaji ukaendelea mpaka kwenye miinuko ya ufukweni inayoitazama ghuba ya Kemondo. Wengi wetu tunaijua Kemondo kwa bandari, meli ya Mwanza, shehena za kahawa na mikungu ya ndizi. Chini ya udongo wa vilima vile yalionekana mashimo ya matanuru ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Mababu wa ufuko huu walikuwa wakigeuza mawe kuwa chuma wakati Roma bado ina makaisari. Mtoto wa Kemondo anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amefundishwa habari za Roma, na asiambiwe hata neno moja kuhusu kilichoko chini ya shamba la bibi yake.

Lakini shimo la tanuru haliongei. Linaonyesha masizi, vipande vya kewa, yale mabomba ya udongo ya kupitishia upepo, na mavi ya chuma, basi. Ili kujua kazi ilikwendaje, ilibidi kurudi kwa wazee. Majembe ya dukani na chuma cha Ulaya vilikuwa vimeua kazi ya kuyeyusha chuma tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na waliobaki wakiijua walikuwa wameifanya au kuiona wakiwa vijana. Mwaka 1976 wazee hao wakaombwa waijenge tanuru upya, na majaribio ya namna hiyo yakaendelea hadi miaka ya 1980.

Tazama walivyofanya, maana ufundi huu ni wetu na yafaa tuujue kama tunavyojua kukanda unga. Kwanza walichimba shimo la duara, wakalipaka ndani udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa huvumilia moto usipasuke ovyo. Wakakata nyasi na matete ya bwawani, wakayachoma humo humo shimoni mpaka shimo likajaa majivu meusi ya matete. Juu ya shimo wakajenga ukuta wa tanuru kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani wakivishikamanisha kwa udongo wa kichuguu, ukapanda hadi kimo cha kifua cha mtu. Kuzunguka chini wakapenyeza kewa za udongo, zikaingia ndani kabisa ya tanuru, na nyuma ya kila kewa wakaweka mivuo iliyowambwa ngozi za mbuzi. Jiwe la chuma walikuwa wamelichoma mapema kwa kuni ili lilegee. Kisha mkaa na jiwe, mkaa na jiwe, na mivuo ikaanza. Saa nyingi bila kukoma, watu wakipokezana, wakiimba ili mikono iende pamoja. Tanuru lenyewe walilichukulia kama mwanamke anayekaribia kujifungua. Wahunzi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe, na miiko hiyo waliishika kwa makini kama walivyoshika kipimo cha mkaa.

Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery wakaandika habari hizi mwaka 1978 katika jarida la Science, na dunia ya wasomi ikashtuka. Walieleza kwamba joto ndani ya tanuru lilizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi, na wakasema kwamba kewa zilizoingia ndani ziliupasha moto upepo kabla haujafika kwenye mkaa. Hoja hiyo ya kupasha upepo imepingwa na wataalamu wengine, na mabishano yameendelea kwa miaka. Yaendelee, ufundi unaobishaniwa na maprofesa ni ufundi mkubwa.

Mimi kinachonigusa zaidi ni namna wazee wale walivyofika kwenye chuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi yote kichwani. Huyu alijua jiwe, yule alijua kichuguu, mwingine alikumbuka mti ufaao kwa mkaa, mwingine aliushika wimbo. Tanuru halikwenda sawasawa mara moja. Walikosoana, wakakumbushana, wakabomoa na kujenga tena, na elimu iliyokuwa imetawanyika katika vichwa vya wazee waliokuwa wakichoka ikakusanyika tena kuzunguka moto mmoja. Hekima ya mababu hatukuachiwa katika sanduku la mtu mmoja. Iligawanywa, kila nyumba ikapewa sehemu yake, na mwenye kuitaka yote hana budi kubisha hodi kwenye nyumba nyingi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba mababu hawakuwa na gharama. Chuma hula msitu. Kila tanuru lilitaka mkaa, kila mkaa ulitaka mti, na karne nyingi za kuyeyusha chuma pamoja na kulima ziliichosha misitu ya ufuko huu. Nchi yetu hupokea mvua kubwa. Pale Bukoba ufukweni inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiwango ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikioni. Mvua ya namna hiyo ikikuta kilima kitupu chenye udongo wa kichanga, huisomba rutuba yote. Ndiyo maana hata leo ukitoka nje ya migomba unakanyaga rweya, nyasi fupi juu ya udongo maskini, unaootesha mazao kwa shida. Aliyeiona nchi hii msitu wake ulipokwisha angeweza kusema imekufa.

Haikufa, kwa sababu waliofuata walijifunza kuitunza. Walitengeneza kibanja, yaani shamba la migomba. Mwaka hadi mwaka walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweyani na kulala nyumbani, samadi yao ikabaki shambani. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, makapi ya kahawa na mabua ya maharage, vyote vilirudi kwenye shina. Udongo mweusi wa kibanja ambao leo tunajivunia haukuumbwa hivyo na Mungu siku ya kwanza. Umetengenezwa kwa migongo ya watu. Ukiacha kutandaza kwa miaka michache, kibanja kinaanza kurudi kuwa rweya, na mzee yeyote wa Kanazi atakuonyesha kwa kidole kibanja kilichokosa mwenyewe.

Masimulizi nayo ni kibanja. Hayana rutuba ya kuzaliwa nayo. Yanalishwa kila jioni na kinywa cha anayesema na sikio la anayesikia, na yakikosa mmoja wao kwa kizazi kimoja tu, nyasi huingia.

Watu wengine waliolisha masimulizi yao tunawaona wamefaidika. Kule Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Atlantiki, Waviking walikuwa na simulizi ya baharia Leif Erikson na nchi ya magharibi aliyoiita Vinland. Simulizi hiyo ilitembea mdomoni kwa karibu karne mbili kabla ya kuandikwa juu ya ngozi katika karne ya 13. Nayo ina chumvi yake, maana humo yumo kiumbe wa mguu mmoja anayefyatua mishale. Haikutupwa kwa sababu ya kiumbe huyo. Mwaka 1960 Mnorwe Helge Ingstad akaifuata mpaka rasi ndogo kaskazini mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, panapoitwa L'Anse aux Meadows. Akauliza wavuvi kama wanajua magofu yoyote, na mwenyeji mmoja, George Decker, akampeleka kwenye vituta vilivyofunikwa na majani. Mkewe Ingstad, mwanaakiolojia Anne Stine, akasimamia uchimbaji kuanzia 1961 hadi 1968. Zikaonekana nyumba za Waviking, na kando ya kijito kikaonekana kibanda cha mhunzi chenye mavi ya chuma kilichoyeyushwa kutokana na matope ya bwawani. Mwaka 2021 watafiti wakathibitisha kwamba miti iliyokatwa pale kwa zana za chuma ilikatwa mwaka 1021.

Weka rasi ile na vilima vya Kemondo pamoja. Huku na kule kuna maji makubwa, hadithi yenye chumvi, mwenyeji aliyeonyesha mahali, na kazi ya mhunzi chini ya udongo. Tena kazi ya wahunzi wa ufuko wetu imeutangulia ujio wa Waviking wale Newfoundland kwa karne nyingi. Tofauti ni moja. Kule L'Anse aux Meadows palifanywa Urithi wa Dunia mwaka 1978, watoto wao wanapelekwa, wanaambiwa, wanarudi na fahari. Sisi Kaiija ingali ikisubiri watoto wetu wapelekwe kwa wingi.

Hatukukosa watu wenye macho. Francis Xavier Lwamgira aliandika kwa Kihaya habari za Kiziba na Wakama wake, na kitabu kikatoka mwaka 1949, wakati wale waliojua walikuwa bado hai na wanaweza kuulizwa. Ng'ambo ya ziwa, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka, akaweka ndani yake maisha ya watu wake, namna ya kuoa, kulima, kuvua na kutibu. Alisubiri miongo kadhaa mpaka ikatoka kwa Kiswahili, naye akafariki mwaka 1981. Watu hawa hawakungoja kuombwa. Waliona jua linazama wakawasha taa.

Baada yao giza liliingia kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Yaliyofuata kila familia ya Bukoba na Muleba inayajua bila kuelezwa. Waliondoka akina baba na akina mama waliokuwa katika umri wa kupokea kutoka kwa wazee na kuwapa watoto. Wazee walibaki na wajukuu, na katikati yao palikuwa patupu. Bibi aliyekuwa anazika na kulea kwa pamoja alipata wapi jioni ya kusimulia? Mnyororo ulikatikia pale pale unaposhikana. Tunapolalamika kwamba vijana wa leo hawajui asili yao, tukumbuke kwanza hilo, tusiwalaumu kwa msiba ambao hawakuuleta.

Lakini msiba si ruhusa ya kusahau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wa Katuruka wenyewe walisimama wakaamua kukusanya kilichobaki. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakauliza, wakaandika, wakaweka alama mahali penye historia. Na katika kazi hiyo likajitokeza jambo la kutufundisha adabu: akina mama walikuwa na masimulizi ya mahali pale ambayo wachimbaji wa kwanza hawakuyapata, kwa kuwa walikuwa wamewauliza wanaume. Nusu ya kibanja ilikuwa hai miaka yote hiyo, na hakuna aliyeipigia hodi.

Kanazi yenyewe ina mzigo wake wa kutunza. Hapa ndipo ilipokuwa ikulu ya ufalme wa Kihanja. Mkama Kahigi alitawala kutoka hapa wakati Wajerumani, baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, walipokuwa wakiitia nchi mkononi, naye akachagua kushirikiana nao. Uamuzi ule ulimpa nguvu na ukawapa wengine machungu, na wanaojua habari zake hawakubaliani kumhusu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu, na haki ya kutawala kwa damu ikaisha. Jengo la ikulu lingalipo. Wengine wangependa historia ya Kahigi iwe ya sifa tupu, wengine ya lawama tupu. Kutunza historia maana yake ni kutunza yote mawili, na kuwaachia watoto ukweli wapime wenyewe. Mahali panapotunzwa kwa kufichwa nusu pamekwisha kuanza kuoza.

Basi tufanye nini? Mwenye shamba upande wa Kemondo, Maruku na Kanazi, jembe lako likigonga kipande cheusi kizito chenye matundu, kina uzito wa chuma na sura ya jiwe lililoungua, usikitupe njiani. Yawezekana ni mavi ya chuma kutoka tanuru la kale. Kiache kilipo, weka alama, mwambie mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa kitu cha kale kikihamishwa kimepoteza nusu ya ushuhuda wake. Unayejenga nyumba, uliza kwanza kiwanja kilikuwa nini kabla hujaleta tingatinga. Simenti ya siku moja inaweza kufunika miaka 2,000. Mwalimu, wapeleke wanafunzi Katuruka kabla hujawapa habari za piramidi, kisha uwape na piramidi. Mzee, usingoje kijana aje kukubembeleza. Mwite, mkalishe, mwambie, hata kama ana simu mkononi. Simu hiyo inarekodi. Nanyi mnaoishi Dar es Salaam, Mwanza, Kampala au Ulaya, mnaorudi Desemba kwa magari na kuondoka wiki ya kwanza ya Januari, gawaneni siku hizo vizuri. Wahaya tunasifika kwa kusomesha na kwa kujenga nyumba nzuri kijijini. Nyumba nzuri iliyofungwa kwa kufuli mwaka mzima, yenye kibanja kilichoota nyasi na bibi aliyeondoka na habari zake, hiyo ni mnara wa Rugomora Mahe kwa sura nyingine.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na walisema kweli kwa nyakati ambazo watu waliketi na wazee. Mzee aliye peke yake hawezi kulizuia neno lisiharibike. Anahitaji mtu mbele yake. Nenda ukamsalimu babu yako au bibi yako kwa heshima inayomstahili, umwite waitu kama ulivyofunzwa, ukae. Muulize ni nani waliokaa hapa kabla yetu na walifanya kazi gani. Akijibu, andika kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina la kilima, la mti na la kijito. Akisema hajui, muulize ni nani anayejua, uende huko mwezi huu huu. Na ukishamaliza kuandika, rudi umsomee mbele ya jirani zake na wajukuu zake, wakosoane na kukumbushana kama wale wazee wa tanuru, mpaka habari ikae sawa.